Taya Laini za Kaza

Karakana nzima ilimwita Kaza, na jina hilo hakulipata bure. Bolti ikishapita mikononi mwake, fundi anayetaka kuifungua baadaye hahangaiki nayo. Humwita mwenyewe, kwa heshima zote, aje aifungue. Si kwamba alikuwa pande la mtu. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, ila viganja vyake vilikuwa kama vya mtu mwingine mkubwa zaidi aliyemwazima akasahau kuvidai.

Kazi yake ilikuwa kuandaa mashine ya kukereza, ile kubwa ya kompyuta iliyokaa katikati ya karakana na mlango wake wa kioo na skrini ubavuni. Mashine hiyo hukamata kipande cha chuma kwa taya tatu, ikakizungusha kwa kasi, kisu kikakinyoa mpaka kipate umbo linalotakiwa. Taya zikae wapi, zibane kwa presha gani, kisu kianzie wapi, hayo yalikuwa ya Kaza. Lakini programu yenyewe, mstari kwa mstari, iliandikwa na mke wake, ambaye alikaa katika kiofisi cha vioo upande wa pili na kuituma kwenye mashine kwa waya. Mafundi walimwita Mwandishi.

Mwandishi hakuwa na wivu kwa mwanamke yeyote duniani, ila mashine ile aliiita mke mwenzangu.

"Mke mwenzangu kaamkaje leo?" angeuliza kila asubuhi akipita na kikombe chake cha chai. "Naona kapakwa mafuta, kafutwa uso. Mimi tangu niolewe nangoja zamu yangu."

Mafundi wangecheka, na Kaza angejifanya anatafuta spana.

Asubuhi ya kisa hiki Mwandishi alipita bila kuuliza kitu, na Kaza akatafuta spana vile vile. Mambo hayakuwa sawa. Kaza alikuwa amenuna.

Chanzo kilikuwa bomba. Mama yake Mwandishi alikuwa amekuja kukaa nao kwa muda, na Kaza alimheshimu mama mkwe huyo kiasi cha kumwogopa. Mama akiingia sebuleni, Kaza hukumbuka kuna jambo jikoni. Akienda jikoni, Kaza hukumbuka kuna jambo uani. Sasa jioni ya jana yake, Mwandishi akiwa dukani, mama alikwenda kuoga. Akajipaka sabuni kutoka nywele mpaka kidevu. Alikuwa na maji ya ndoo, yakamwishia, akapapasa bomba alifungue, na bomba likagoma. Mtu wa mwisho kulifunga alikuwa Kaza.

"Kuna mtu hapo nje?" mama aliita.

Mtu alikuwepo. Alikuwa amesimama ukumbini kama nguzo, akiomba asiwepo.

"Nipo, mama," alisema hatimaye.

"Bomba halifunguki, mwanangu. Na sabuni inaniingia machoni."

Kaza alizunguka nyumba nzima akitafuta jirani wa kike, asimpate. Mwisho alichukua koleo, akapiga magoti, akaisukuma kupitia upenyo wa chini ya mlango, uso ameugeuzia ukutani japo mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo.

"Shika kichwa cha bomba kwa hiyo koleo, mama. Zungusha kushoto."

"Kushoto wapi?"

"Kushoto kwako, mama."

"Nitakujuaje kushoto kwangu na macho yamejaa sabuni?"

Mwandishi aliporudi na kusimuliwa, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kaza alingoja amalize. Hakumaliza. Alicheka akipakua, alicheka akila, na mbele ya mama yake akasema, "Huyu mume wangu, mama, hata kifuniko cha chupa ya chai kikimwona kinatetemeka." Mama mkwe akainamia sahani, mabega yakimtikisika. Hapo Kaza akaweka kijiko chini.

"Bomba lisilofungwa sawasawa linadondosha," alisema, akaenda kulala. Tangu hapo hakutoa neno. Walitembea hadi kazini bega kwa bega kama watu wawili waliokutana kwenye foleni.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa pete za shaba za pampu ya maji, nyembamba, za kuvalishwa kwenye shingo ya gurudumu la pampu. Fundi wa pampu alikuwa anakuja mwenyewe kuzichukua, na gurudumu lake mkononi, azijaribu palepale. Pete nyembamba kama hizo hazishikwi na taya ngumu za kila siku, zitazijeruhi. Hufungwa taya laini, na taya hizo huchongwa kwanza ndani na mashine yenyewe, mpaka uwazi wake ulingane na mgongo wa pete, ziikumbatie kote badala ya kuifinya.

Kaza akafungua skrini aisome programu. Mwandishi alikuwa na desturi ya kuacha maneno katikati ya namba, ya kumwelekeza anayeandaa. Mashine huyaruka, hayaihusu. Yote huandikwa kwa herufi kubwa, kwa kuwa mashine haijui ndogo. Kaza akasoma:

TAYA LAINI. CHONGA NDANI KWANZA.

Mistari kadhaa ya namba, kisha:

FUNDI, BANA KIDOGO. HII NI SHABA, SI BOMBA LA BAFUNI.

Kaza aligeuka nyuma upesi. Fundi wa msumeno, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, alikuwa anakata vyuma vyake wala hatazami. Kaza akaegemea vitufe, akatafuta herufi mojamoja kwa kidole cha shahada, akaandika chini yake:

KAZI NI KAZI. YA BAFUNI YABAKI BAFUNI.

Kila programu iliyoguswa kwenye mashine ilipaswa kurudishwa ofisini ihifadhiwe. Akaituma. Kupitia kioo alimwona mkewe akiinama kusoma, halafu akaona mabega yakitikisika, kama ya mama yake. Akajutia kujibu.

Akafunga taya laini, akazichonga ndani kama programu ilivyotaka, akaweka pete ya kwanza, akabana, akafunga mlango, akabonyeza kitufe cha kijani. Maji ya kupozea yakamwagika, shaba ikanyolewa kwa nyuzi za dhahabu. Pete ilipotoka Kaza aliipima kwa vernia, kile kipimo cha mkono kinachobana kitu pande mbili. Akapima huku, akapima kule, akaizungusha akapima tena. Sawa kila upande. Akatengeneza nyingine, na nyingine, zote hivyo hivyo. Moyo ukamtulia kidogo, akarudi kwenye vitufe.

PETE SAFI. MVIRINGO KAMA ILIVYOAGIZWA.

Jibu halikukawia.

HONGERA. UMEWEZA KUZITOA KWENYE TAYA AU NIKULETEE KOLEO?

Alikuwa bado anatafuta herufi za kumjibu mkewe, fundi wa pampu alipoingia, mapema kuliko alivyotazamiwa. Alikuwa mtu mnene mchangamfu, suruali imelowa magotini. Alitua gurudumu lake juu ya meza, akachukua pete ya kwanza, akaivalisha shingoni. Ikaingia kidogo, ikakwama. Akaizungusha. Ikakwama pengine. Akachukua ya pili.

"Inagoma," alisema.

"Haiwezi kugoma. Nimeipima," alisema Kaza. "Tazama. Huku. Na huku. Ni sawa."

"Naona. Vernia yako inasema ni mviringo. Pampu yangu inasema si mviringo. Na mimi, ndugu yangu, narudi na pampu, sirudi na vernia."

Msimamizi wa karakana alisikia, akaja. Mwandishi naye akatoka kwenye vioo vyake, akasimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma. Fundi wa pampu akaomba rangi, akapaka tabaka jepesi la buluu kwenye shingo ya gurudumu, akaisukumiza pete, akaitoa na kuwaonyesha ndani. Rangi ilikuwa imegusa mahali patatu tu, kwa nafasi sawa, kama mtu aliyeishika pete kwa vidole vitatu.

Wote wakageuka kutazama taya za mashine. Zilikuwa tatu.

Hapakuwa na haja ya kuelezwa. Pete ilifinywa na taya, ikanyolewa ikiwa imefinywa, ikawa mviringo kamili ndani ya taya. Ilipoachiwa ikajirudi, ikawa na pembe tatu zisizoonekana kwa macho. Vernia haikuona kitu kwa sababu hupima pande mbili zinazotazamana, na kwenye umbo kama hilo, upande mmoja ukitokeza, ule wa mbele yake umebonyea kwa kiasi hicho hicho.

"Nampeleka mgeni anywe chai," alisema msimamizi. "Tukirudi nataka pete inayoingia. Mimi siulizi kosa la nani."

Kaza alimwangalia Mwandishi. Mwandishi alimwangalia Kaza. Kila mmoja alijua kosa ni la mwenzake. Mwandishi akarudi ofisini.

Kaza alipobaki peke yake aliinama kwenye kipimo cha presha. Mshale ulikuwa palepale alipouacha jana, alipokuwa akibana shafti za chuma kigumu. Kwa pete ya shaba, presha ile ilikuwa kama kumpa mtoto mkono na kumvunja vidole. Akatazama tena, akaona na jingine. Uwazi wa taya ulikuwa mpana kuliko pete kwa milimita mbili, hivyo kila taya iligusa kwa katikati yake tu, na kingo zake zilielea hewani. Hilo halikuwa kosa lake. Hilo lilitoka kwenye programu.

Alifurahi, kisha furaha ikakatika. Akienda kwenye vioo kusema, *kipenyo chako hakiko sawa,* yule mwanamke atauliza jambo moja tu: presha uliweka ngapi? Basi akanyamaza. Akashusha presha. Akazisogeza taya ndani kwa jino moja la mfuo wake, chuma kipatikane cha kuchonga upya, akafungua ukurasa wa masahihisho ya kisu, akapunguza milimita mbili kimyakimya, kisu kichonge uwazi mdogo zaidi. Hakuna atakayejua.

Wakati huohuo, na hili Kaza alikuja kuambiwa baadaye, Mwandishi alikuwa amefungua mchoro na kushika kichwa. Alikuwa amenakili kipenyo cha pete mbichi, kabla hazijapunguzwa mgongo. Angeweza kutoka akaseme. Lakini kumwambia neno hilo mtu aliyenuna tangu jana, mtu atakayesherehekea mpaka mwisho wa mwezi? Akapunguza milimita mbili kwenye programu kimyakimya, akaituma upya.

Kaza aliiona imefika. Akasoma maneno peke yake, namba hakuzisoma. Palikuwa na mstari mmoja mpya:

POLEPOLE TU, FUNDI.

Akaona huo kama upatanisho, au karibu na upatanisho. Akazichonga taya, akaweka pete, akafunga mlango, akabonyeza kijani.

Pete ikaimba vizuri kidogo. Halafu ikatetemeka, ikachomoka, ikagonga kioo, ikagonga dari ya mashine, ikazunguka chini kwa kelele kama sinia lililoanguka kwenye sakafu ya saruji. Kaza alipiga kitufe chekundu kwa kiganja kizima. Karakana yote ikageuka.

Mwandishi alifika mbio na kiatu kimoja.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Ulikuwa umefungwa."

"Kwa nini unanitazama hivyo basi?"

"Nilidhani hatusemezani," alisema Kaza.

"Nani hasemezani? Mimi tangu jana nacheka tu. Aliyefunga mdomo ni wewe, na ukishafunga wewe kitu, bwana, nani ataweza kukifungua?"

Nyuma yao fundi wa msumeno alikohoa kwa namna ya mtu asiyekohoa.

Mwandishi alifungua mlango wa mashine, akachungulia taya, akachukua vernia kutoka mfuko wa Kaza bila kuomba, akapima. "Mbona padogo hivi? Mimi niliandika..."

"Uliandika nini?"

"Si kitu."

"Umebadilisha kipenyo."

"Kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Milimita mbili," alisema Mwandishi, akiitazama vernia kana kwamba ndiyo iliyosema.

Kaza akageuka akaanza kutafuta spana.

"Hiyo spana iko mkononi mwako," alisema mkewe. "Na sura hiyo naijua, ni ya siku uliyokata mpini wa sufuria. Umefanya nini?"

"Mbili."

"Mbili zipi?"

"Zile zile. Nimezipunguza huku, kwenye masahihisho."

Wakatazamana. Mbili za mke, mbili za mume: taya zilikuwa zimechongwa ndogo kuliko pete, zikaishika kwa ncha za kingo tu, na kwa presha ile ndogo ikawaponyoka.

"Na presha?" aliuliza Mwandishi, polepole sana.

"Nimeshusha."

"Kutoka wapi?"

Kaza akamwambia. Mwandishi akaziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kikampitia puani.

"Presha ya shafti! Kwenye pete!"

"Na wewe kipenyo kilichozidi mbili!"

"Angalau mimi sikuifinya!"

"Kati ya hawa wawili na mashine," fundi wa msumeno aliwatangazia wenzake, "mwenye akili ni mashine. Imetupa pete, haikungoja kuombwa."

Kaza alihisi kicheko kikimpanda kutoka tumboni, akajaribu kukibana, na kwa mara ya kwanza maishani kitu kikamshinda kukibana. Walikuwa bado wanacheka, wameegemea mashine, mkewe na kiatu kimoja, msimamizi aliporudi na mgeni. Msimamizi hakuuliza. Alikwenda kwenye skrini kuona kama kuna kazi yoyote iliyofanyika, akasoma, akavaa miwani, akasoma tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayetangaza habari za jioni.

"'Fundi, bana kidogo. Hii ni shaba, si bomba la bafuni.' 'Kazi ni kazi. Ya bafuni yabaki bafuni.' 'Umeweza kuzitoa kwenye taya au nikuletee koleo?'" Akavua miwani. "Hii ni programu au ni barua za uchumba?"

Fundi wa pampu ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Samahani," alisema. "Kwani bafuni kulitokea nini?"

Mwandishi alimtupia mumewe jicho, akakaza midomo. Hakutaka kusimulia tena, hilo lilionekana wazi. Na Kaza, hata yeye hakujua imekuwaje, akaanza kusimulia mwenyewe. Alisimulia alivyosimama ukumbini kama nguzo. Alipiga magoti kwenye sakafu yenye mafuta, akageuza uso kwenye ukuta wa karakana, akasukuma spana chini ya mlango usiokuwepo, akasema, "Kushoto kwako, mama." Fundi wa pampu alilazimika kushikilia gurudumu lake. Msimamizi aligeuka nyuma ili asionekane. Mwandishi, aliyedhani anakijua kisa hicho chote, alicheka kuliko jana, maana sasa tu alisikia kwamba mumewe, nje ya mlango uliofungwa, alikuwa amefumba na macho.

"Sasa pete yangu," alisema fundi wa pampu, akijifuta machozi.

Safari hii walifanya kwa mdomo wazi. Mwandishi hakurudi kwenye vioo, alisimama kwenye skrini akasoma kila namba, na Kaza akaitikia. Alifuta masahihisho yake, yakabaki ya mkewe. Kwa kuwa uwazi ulikuwa mdogo, dawa ilikuwa kuupanua tu. Akaweka kipande cha chuma cha duara nyuma kabisa ya taya, akazibana juu yake kwa presha ile ile itakayobana pete, ili zichongwe zikiwa katika hali ya kazi.

"Presha?"

"Ndogo."

"Ndogo yako au ndogo ya watu?"

"Njoo utazame mwenyewe, bibie."

Alikuja akatazama. Akashusha kidogo tena kwa ncha ya kidole, na Kaza akamwachia.

Taya zilipomaliza kuchongwa, pete ilikaa ndani yake bila mwanya hata wa karatasi. Mashine ikafanya kazi yake. Kaza aliitoa pete ikiwa bado na joto na maji, akaifuta kwa kitambaa, hakuipima, akamkabidhi mgeni. Fundi wa pampu aliiweka kwenye shingo ya gurudumu, akaigusa kwa dole gumba. Ikateleza, ikaingia, ikakaa. Aliizungusha mara kadhaa, anasikiliza. Kisha akaichomoa na kuiingiza tena, mara hii kwa raha yake tu.

"Nitengenezee zilizobaki," alisema. "Na hayo maneno msiyafute. Nitawaletea kazi nyingine."

Msimamizi aliamuru yafutwe yote, na yakafutwa, ila kabla ya hapo fundi wa msumeno alikuwa ameshayakariri.

Jioni walitembea kurudi nyumbani wakibishana kosa la nani lilikuwa kubwa zaidi. Kaza alishikilia kwamba bila kipenyo kile, presha isingedhuru sana. Mwandishi alisema presha ile ingeifinya pete hata kama taya zimeshonwa na fundi cherehani. Kaza akasema anayeandika ndiye anayeanza. Mwandishi akasema anayebana ndiye anayemaliza. Muuza duka wa kwenye kona alitoka kuangalia kama kuna ugomvi wa kuamua. Walivuka barabara wakibishana, wakapanda ngazi wakibishana, wakafika mlangoni na kila mmoja amenyanyua kidole hewani kuonyesha milimita mbili ni kiasi gani.

Mama mkwe ndiye aliyewafungulia. Alimtazama binti yake, akamtazama mkwewe, ambaye kwa mara ya kwanza hakukumbuka kuwa ana jambo uani.

"Afadhali," alisema mama. "Kelele zimerudi. Nilianza kudhani nimekuja kwenye nyumba ya msiba."

Akawapisha waingie, akaenda kupasha chakula moto, na kutoka jikoni akauliza hizo milimita mbili wanazogombania ni za kitu gani.

"Njoo ukae, mama," alisema Kaza, akimvutia kiti. "Nikueleze mwanao alivyoandika."